Nipo mwaka wa pili BBA, natakiwa kuchagua mkondo na sijui nataka kufanya kazi gani. Wajuzi naombeni ushauri

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nina miaka 22, nasoma Bachela ya Usimamizi wa Biashara, hii BBA, chuo kimoja hapa Dar. Kidato cha sita nilipiga EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nikaomba Uchumi na Takwimu nikakosa, BBA ilikuwa chaguo la tatu. Dirisha la kuthibitisha udahili lilikuwa linakaribia kufungwa, nikathibitisha, maisha yakaendelea.

Sasa maji yamefika shingoni. Mwaka wa tatu tunagawanywa kwenye mikondo minne: uhasibu, ununuzi na ugavi, masoko, na rasilimali watu. Fomu inatakiwa irudi kabla hatujaanza UE, mitihani ya mwisho.

Ukiniuliza nataka kuwa nani, sina jibu. Si kwamba sisomi, GPA yangu ni 3.6 na sapu, mtihani wa marudio, sijawahi kubeba. Uhasibu naufaulu, lakini nikikaa nao saa moja nasinzia. Masoko naona maneno mengi. Rasilimali watu sijui hata kutwa nzima wanafanya nini. Somo pekee nililolisoma bila kusukumwa lilikuwa la usafirishaji na ghala, nalo lilikuwa la semista moja tu likaisha.

Nyumbani nako: boom, ile pesa ya kujikimu, napata, ila ada Bodi ya Mikopo walinipa asilimia ndogo, iliyobaki analipa baba mdogo. Yeye ameshaamua ni uhasibu, kauli yake ni "mhasibu halali njaa". Mama anasema nifuate moyo. Moyo wenyewe mpaka leo umekaa kimya. Mwenzangu wa chumbani anajua anataka benki tangu yuko kidato cha nne, nikimwangalia najiona kama kuna kitu nilinyimwa.

Kwa hiyo: mkondo upi? Na mtu asiyejua anachotaka anaanzia wapi? Kejeli nimeshajiandaa nazo, ila na ushauri uwepo.

Nawasilisha.

#2

Naweka kambi hapa. Mdogo wangu anamaliza sita mwaka huu na yuko hivihivi.

#3

Dogo usijiumize kichwa. TRA walitangaza nafasi 1,596, usaili ukafanyika 2025, maombi yalikuwa zaidi ya 135,000. Wote hao walikaa chini wakachagua kozi kama wewe. Chukua mkondo wowote ambao GPA itapanda, ukimaliza nenda VETA kasome umeme wa magari au mafriji. Utanikumbuka.

#4

Kila uzi wa kozi lazima atokee mjumbe wa VETA, hahaha. VETA ni pazuri, sibishi, fundi wa AC ninayemfahamu ameshainua nyumba Kigamboni. Lakini kijana kauliza kuhusu fomu iliyo mezani, wewe unamwambia aanze upya. Na huyo fundi hakuamka siku moja akawa fundi, alikaa kwa mtu anashika tochi na kutumwa spana mpaka akaiva.

Na hizo namba za TRA, ni kada nyingi zimejumlishwa pamoja. Usimtishe mtoto wa watu kwa jumla kuu.

#5

Mleta uzi, nimekaa ofisi za rasilimali watu sekta binafsi muda mrefu, barua za watu kama wewe ndiyo kazi yangu kuzisoma, kwa hiyo mniwie radhi nitaandika kirefu.

Kwanza hilo swali la "nataka kuwa nani" liweke pembeni. Hilo anaulizwa mtoto wa darasa la tatu, anajibu rubani, wageni wanacheka, yanaisha. Wewe huwezi kulijibu kwa kukaa kitandani na kufikiri, kwa sababu kazi zenyewe hujawahi kuziona. Umemwona daktari, mwalimu, polisi, kondakta, mwenye duka, na mhasibu wa shule uliyekuwa unampelekea risiti ya benki. Kazi nyingi zinazolisha watu hapa mjini hazionekani ukiwa kwenye daladala. Nani kati yetu alikua mtaa mmoja na mtathmini hasara wa kampuni ya bima? Huyo mwenzako anaijua benki kwa sababu benki ina jengo na kiyoyozi. Muulize ofisa mikopo anafanya nini saa nne asubuhi, utaona kama ana jibu.

Pili, leo usiku badala ya kupita TikTok ingia Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali. Usiombe kitu, soma tu. Matangazo yaliyokwisha muda yanafaa vilevile, mengi yanazunguka kwenye PDF. Cheo kiruke. Mshahara wameandika TGS D au E, uruke nao kwa sasa. Nenda kwenye "Majukumu ya Kazi" halafu "Sifa za Mwombaji".

Majukumu yasome kama mtu atakayeamka Jumanne kwenda kuyafanya. Chukua Afisa Biashara wa halmashauri. Utakuta habari za leseni, kukusanya taarifa za bei na masoko, kuwaelimisha wafanyabiashara. Maana yake ni kutembea sokoni na daftari, kubishana na mwenye duka asiyetaka kulipia leseni, jioni kuandika ripoti. Kuna mtu ataipenda kazi hiyo kufa, na kuna mtu ataona amefungwa.

Sifa nazo zina siri yake, na hapa ndipo wanafunzi wanapopigwa. Soma utofauti wa Afisa Hesabu na Mhasibu. Unaweza kudhani ni kitu kimoja, lakini ukitaka cheo cha Mhasibu utadaiwa CPA. CPA ni sifa ya juu ya kitaaluma ya uhasibu, inatolewa na NBAA, bodi ya wahasibu, mitihani yao ni Mei na Novemba. Aliyesoma bachela ya uhasibu anaanzia ngazi ya kati, aliyesoma kingine anaanzia chini yake, ngazi ya msingi. Ugavi nao wana bodi yao kisheria, PSPTB, usipokuwa umesajiliwa hufanyi kazi hiyo kihalali. Masoko hayana komeo la namna hiyo. Mtu wa ugavi anaweza kuhamia mauzo, mhasibu anaweza, na mimi nimewahi kuajiri mwalimu wa Biolojia akauze dawa za mifugo, akawaacha mbali wote waliosomea masoko.

Kwa hiyo kwa mtu ambaye hajui anachotaka, hoja yangu ni hii. Usitafute mkondo unaoupenda, huna. Tafuta ule ambao usipouchukua sasa kuupata baadaye ni kwa taabu. Kwa kipimo hicho masoko yanatoka. Rasilimali watu, pamoja na kwamba ndiyo inanilisha, nayo nakushauri uitoe, kwa sababu watu wa utawala, sheria, hata sosholojia wote wanagombania viti hivyohivyo. Zinabaki uhasibu na ugavi.

Tatu ni fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Wengi wanaomba sehemu iliyo karibu na kwa shangazi ili wasilipe nauli, wanatumwa kutoa kopi na kununua chapati wiki nane, logibuku inagongwa muhuri, wanapewa A. Ile ndiyo nafasi pekee ya kuionja kazi bila mtu kukufukuza, na watu wanaitupa. Nenda kule unakohisi panaweza kukufaa.

#6 Mleta uzi

Mkuu wa namba 5, Mungu akubariki. Nimesoma matangazo mpaka saa nane usiku, mwenzangu kaniuliza kama nimepata kazi.

Nilichokiona: rasilimali watu ni majalada, likizo, mafao, kupandishwa madaraja, siku hizi na PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Hapana. Masoko kwenye matangazo ya serikali ni machache, mengi ni makampuni na yote yanataka uzoefu. Uhasibu nimeusoma mara mbili nione kama damu itachemka, haikuchemka. Ugavi haikuchemka pia, ila sikuchoka kusoma.

Kuna mtu wa ugavi humu anisimulie siku yake? Si ya kwenye tangazo, ya ukweli.

#7

Nipo. Afisa ugavi, halmashauri moja Kanda ya Ziwa.

Asubuhi idara inaleta ombi, tuseme elimu sekondari wanataka viti na meza. Naangalia kama yamo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Hayamo. Ugomvi wa kwanza huo. Yakishaingizwa kihalali naingia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, kuandaa zabuni, maana siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Mtandao unakata, naanza tena. Zabuni zikifunguliwa kuna timu ya tathmini, kuna bodi ya zabuni, kila hatua ina karatasi yake. Kuna ile asilimia 30 ya manunuzi iliyotengewa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, unakaa na kina mama kuwaelekeza jinsi ya kujisajili kwenye mfumo, simu yenyewe ni ya mtoto wa mmoja wao. Mchana anapiga simu mzabuni aliyekosa. Baada yake anapiga mheshimiwa fulani anayemfahamu mzabuni aliyekosa.

Jioni gari limefika stoo. Hati ya mapokezi imeandikwa saruji mifuko 200. Mnashusha, mnahesabu, inafika 188. Dereva anasema kumi na miwili inakuja kesho na gari jingine, saini tu afande, nina safari. Ni saa kumi na mbili, wajumbe wa kamati ya mapokezi wanaangalia saa. Unasaini au husaini?

Ugavi wote uko kwenye dakika hiyo. Mengine ni makaratasi. Ukisaini 200, wakaguzi wakija hoja ni ya kwako, dereva hayupo na wajumbe hawakumbuki. Nimeandika 188, nimepiga picha, tumelala.

Kama huwezi kumwambia mkubwa wako "hapana mkuu, taratibu hairuhusu" na kesho yake ukamsalimia vizuri, usije. Watu wanasema ugavi ni kula asilimia kumi. Wapo. Wapo na waliokula wakala na kesi.

#8

Mimi ni mhasibu, na mwanamke, maana humu kila mtu anaitwa mkuu.

Mdogo wangu, unasinzia kwa sababu unasoma debiti na krediti za kampuni ambayo haipo. Nilianzia kwenye ukaguzi wa nje. Kampuni nyingi zinafunga hesabu 31 Desemba, kwa hiyo wenzako wako mkesha wa mwaka mpya, wewe uko ghalani na kofia ngumu unahesabu magunia ya mbolea, na mwenye ghala anakuonyesha yale ya mbele tu. Unamwomba atoe safu ya mbele. Hataki. Hapo usingizi hauji, nakuhakikishia. Nimeingia viwandani, kwenye migodi, mashamba ya chai, sehemu ambazo kwa nauli yangu nisingefika.

Hata hivyo sikupambi. CPA ni mitihani ya kukaa na namba usiku baada ya kazi, na kuna watu ninaowajua wanarudia karatasi moja msimu hadi msimu huku watoto wanakua. Kinachowavusha si akili, ni kutochukia kile wanachokisoma. Kama saa moja inakushinda sasa hivi ukiwa huna mke wala bosi, lifikirie hilo vizuri kabla ya kumfurahisha baba mdogo.

#9

Masoko ni maneno mengi mpaka tarehe 28 ifike na tageti iko nusu. Hapo maneno yanakuishia, unaanza kupigia simu hadi watu mliogombana. Napenda kazi yangu lakini namba 5 kasema kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza mkondo niliosoma.

#10

Nimepita kimya ila hilo somo la usafirishaji na ghala limenishika. Mbona wote mmeliruka? Mtu kasema kuna kitu kimoja alikisoma bila kusukumwa, nyie mnamrudisha kwenye fomu.

Nafanya uwakala wa forodha, Bandari ya Dar. Watu wanatuita klia. Nitakueleza kazi kwa mfano mmoja.

Mteja analeta karatasi tatu: ankara ya muuzaji, orodha ya vilivyofungwa, na hati ya meli, ile BL. Mzigo ni vipande vya plastiki kutoka China. Kazi ya kwanza ni kuuainisha, kila bidhaa duniani ina namba yake, kwetu Afrika Mashariki ni tarakimu nane. Ukiutaja ni malighafi, ushuru wa forodha unaweza kuwa sifuri. Ukiwa umefanyiwa kazi kidogo, asilimia 10. Ukiwa ni bidhaa kamili, 25, na tangu Julai 2022 kuna baadhi zipo 35. Sasa hivyo vipande vya plastiki ni nini? Mteja anasema malighafi. Forodha wanasema ni sehemu ya kiti kilichokamilika, kimefunguliwa tu kisafirishwe kirahisi. Unafungua kontena, unakaa chini na ofisa mnatazama kipande kimoja mkononi, kina matundu ya skrubu au hakina. Tofauti ya jibu hilo kwa kontena moja ni mamilioni, na wakati mnabishana siku zinahesabika na gharama za kuhifadhi kontena zinapanda.

Hapo hujagusa vibali vya TBS vya viwango, au vya TMDA kama ni dawa, na hujagusa mzigo wa kupita. Zaidi ya nusu ya kichwa changu kiko Kongo na Zambia. Kontena linafungwa kufuli ya kielektroniki, linaondoka kwenda Tunduma, na mimi nalala na simu mkononi mpaka lisome limetoka nchini, kwa sababu likipotelea njiani dhamana ya kodi ni ya kampuni yetu.

Kuingia: kuna cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kinafundishwa Chuo cha Kodi, si mwaka mzima. Unaweza kukisoma ukishamaliza chuo. BBA yenye ugavi inakaa nacho vizuri sana. Nilipoajiriwa hakuna aliyenifahamu, nilianza kwa kubeba bahasha kutoka ofisi hii kwenda ile, na ndivyo unavyojua ni meza gani inakwamisha nini.

Ubaya wake: hakuna Jumapili meli ikifika, na kuna marafiki watakuomba "umalize haraka" kwa njia unazozijua.

#11

Nasoma nikiwa Mombasa. Huku kwetu wengi huanza CPA ya kasneb, bodi ya mitihani ya Kenya, hata bila digrii, ukiwa na C+ ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, unaingia, ndio maana unapata kijana wa miaka ishirini na mbili ako na ngazi mbili tayari na bado hajui anataka nini, so usidhani ni wewe pekee yako. Kilindini klia ni kazi ya heshima, lakini ushindani ni mkali. Kila boma la Changamwe lina mmoja.

#12

Mwanangu, mimi ni mama yako tu, nina duka la jumla Kariakoo. Mambo ya bodi siyajui, nakujibu la baba mdogo maana wengi wamelipita.

Usimwendee na neno "sipendi". Mtu anayelipa ada ukimwambia hupendi, anasikia huna shukrani. Yeye hana ugomvi na huo ugavi, wala pengine haujui. Anachoogopa ni wewe kumaliza chuo ukarudi kukaa sebuleni kwake. Basi mwondolee hofu hiyo. Chapisha hayo matangazo, mawili matatu, ya ugavi, umwonyeshe kwa kidole kazi zipo na wanataka nini. Nenda mwenyewe, usimtumie WhatsApp. Nenda jioni akishakula, umsalimie na mkewe vizuri, maana mkewe ndiye atakayemalizia maneno usiku ukiwa umeshaondoka.

Na kama unaye mtu wa makamo anayefanya kazi hiyo, mwombe ampigie. Sisi wakubwa tunasikilizana wenyewe kwa wenyewe.

Huyo wa bandarini nae nimemwelewa vizuri. Kontena langu moja lilikaa mpaka nikauza hereni. Klia mzuri nampenda kuliko mkwe.

#13

(Ni mimi wa namba 3.) Sawa, mmenizidi kura. Lakini muongezeeni na hili. Bodi ya Mikopo wanaanza kukudai miaka miwili baada ya kumaliza, na ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hujaugusa. Nashukuru ile tozo ya kutunza thamani, asilimia 6, ilifutwa 2021, sisi tulioanza kukatwa kabla tuliumia. Kwa hiyo hii habari ya kuonja onja kazi miaka mitano mjini bila mshahara ni ya watoto wenye kwao. Dogo achague kitu kinacholipa mapema hata kama ni kidogo.

#14

Namba 13 umeongea la maana leo. Ila na wewe VETA ilikuwa haina mwaka wa kutolipwa?

#15

Wa 13, ndiyo maana nikasema fildi. Wiki nane hizo anaonja kabla saa ya bodi haijaanza kuhesabu. Na akishamaliza kuna mafunzo ya uzoefu kazini kupitia TaESA, huduma za ajira za serikali, wanakupeleka kwa mwajiri na posho kidogo ya nauli. Haitoshi kupanga chumba Sinza, inatosha kufika kazini.

Nakubaliana na wa 10 pia. Nilimpeleka kwenye fomu kwa sababu fomu ina tarehe. Lakini kilichomvuta ni mizigo, sio manunuzi, na hayo ni mambo mawili. Mtu wa halmashauri pale juu kutwa nzima anapambana na watu na taratibu. Wa bandarini anapambana na vitu vinavyosafiri. Mleta uzi ulipokuwa unasoma lile somo, ulikuwa unapenda nini hasa?

#16 Mleta uzi

Kulikuwa na zoezi moja. Tulipewa ghala, malori manne, na maduka ya mikoani yenye oda tofauti, tupange gari lipi lipite wapi lisirudi tupu. Wenzangu walimaliza kwa dakika ishirini wakaenda kula. Mimi nililirudia jioni, nikaona nikianzia Dodoma badala ya Morogoro naokoa safari moja. Hakuna aliyeniomba. Mwalimu wala hakusahihisha.

#17

Sasa kijana, ulikuwa unasubiri moyo ukuandikie barua?

#18

Mnampeleka mbio. Zoezi moja la darasani sio kazi. Malori halisi yana madereva, madereva wana simu zilizozimwa, na mizani ya Vigwaza ina foleni. Aende akaone, akirudi bado anataka kupanga malori ndio tuongee.

#19

Naunga mkono wa 18. Nimeendesha idara ya usafirishaji, zoezi la darasani halina tairi iliyopasuka Kitonga saa tisa usiku.

#20 Mleta uzi

Mrejesho wakuu.

Fomu nimejaza ununuzi na ugavi. Sijisikii shujaa, najisikia nimejaza fomu. Ila nimeangalia masomo ya mwaka wa tatu kwenye mkondo huo, mawili ni ya usafirishaji na moja la forodha, kwenye uhasibu halikuwepo hata moja.

Baba mdogo nilimwendea Jumamosi kama mama wa Kariakoo alivyosema. Alisoma matangazo yote, akavua miwani, akauliza maswali mawili tu: "huko hakuna wizi?" na "CPA basi tena?" La kwanza nilimjibu kwa habari ya mifuko 188. Alicheka, akamwita mke wake aje asikie. La pili nilimwambia mlango wa NBAA haufungwi, nitaanzia ngazi ya chini nikitaka. Hajasema ndiyo. Amesema ada ya mwaka wa tatu atalipa, mengine tutaongea. Mama mdogo amenisindikiza hadi kituoni akasema yameisha hayo.

Mwenzangu wa benki amesoma uzi huu wote, ameniuliza ofisa mikopo anafanya nini saa nne asubuhi. Sikujua nimjibu nini.

Sasa fildi. Nataka kampuni ya klia au bandari kavu, sio halmashauri, namba 7 unisamehe. Mkuu wa namba 10, barua naandika kwa nani na naipeleka lini? Wenzangu wanasema hizo kampuni huingii bila kujuana.

#21

Hujanikosea, kanionje huko, stoo yangu ipo palepale.

#22 (wa namba 10)

Kujuana kunasaidia, sikudanganyi, lakini kampuni za klia hapa mjini ni nyingi kuliko wajomba. Chapisha barua ya chuo nakala kama kumi, usitegemee moja. Barua yako mwenyewe iwe ya nusu ukurasa: unasoma nini, fildi inaanza na kuisha tarehe ngapi, na kwamba unataka kitengo cha nyaraka au operesheni. Hilo la mwisho usiliache, ukiandika "kitengo chochote" utakaa mapokezi kujibu simu. Ielekeze kwa meneja wa operesheni. Ofisi nyingi ndogo hazina mtu wa rasilimali watu, na zenye naye atakuambia uache barua, na itakaa.

Anza sasa hivi, usisubiri UE iishe, kufika Julai kila ofisi ina watoto wa chuo hadi kwenye ngazi. Pita Samora, Sokoine Drive, na zile za Kurasini karibu na mageti. Vaa kawaida, shati na viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu ukibahatika mtu akasema "twende yadi nikuone", bandarini hawaingizi ndala. Kizibao cha kung'aa watakupa wao.

Mlinzi atakwambia nafasi zimejaa. Mwache aseme. Wewe mwombe akuruhusu upeleke barua tu, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wiki moja baadaye unarudi na nakala hiyo mkononi unauliza imefika meza ya nani.